Utando Usioshoneka

Mkunga Mukamurenzi alipoona shuka imelowa, alijua chupa ya uzazi imepasuka. Mimba ilikuwa ya miezi sita tu.

Ilikuwa mchana, mwaka wa tisini na nane, katika zahanati ndogo huko Kanama. Barabara ya kushuka Gisenyi ilikuwa imefungwa tangu asubuhi kwa sababu ya mapigano, na hospitali ilikuwa huko chini.

Mwanamke aliyelala kitandani, fundi cherehani, alimshika mkono. "Mama, hii maji inatoka wapi?"

"Mutoto iko ndani ya mufuko laini. Ule mufuko ndio imepasuka."

"Bon, uishone. Mi nashona mpaka hariri. Uzi iko ndani ya sakoshi yangu."

Mukamurenzi hakucheka. Shuleni alifundishwa kwamba utando wa mfuko ule hujitengenezea wenyewe ute unaoshikanisha nyuzi zake, ndiyo maana huvutika bila kuchanika. Ute ukipungua, utando hulegea. Namna ya kuurudisha hakufundishwa. Alikwisha kuushika mara nyingi baada ya wengine kujifungua: unateleza, mwembamba hata kidole huonekana upande wa pili.

"Haiwezi kushonwa, mwanangu. Haishike sindano."

"Donc tunafanya nini?"

"Lala ubavu. Tungoje barabara."

Mwanamke akalala ubavu, akabana magoti kwa nguvu zake zote. Mukamurenzi akaweka kiganja juu ya tumbo. Mtoto akasukuma kisigino, mara moja.

Kisha tumbo lote likakaza kwa uchungu wa kwanza.