Sura ya Kutokea Arobaini

Siku hizi mtoto hatolewi nje siku ya arobaini kabla hajachaguliwa sura. Zamda alikaa kitandani na bintiye mapajani, akipitisha kwa kidole picha za pua zilizowaka ukutani. Nyuma yake mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akimfunga mkaja tumboni.

"Paji hili pana tutalipunguza," alisema Zamda. "Masikio yatarudishwa nyuma. Pua unapenda ipi, Mama, hii nyembamba au ile fupi?"

Bi Mwanakombo akainama kumtazama mjukuu. Mtoto alikunja uso akitafuta ziwa, na kwenye lile paji ukajitokeza mkunjo mmoja, umepinda kushoto. Marehemu mama yake Bi Mwanakombo alikuwa na mkunjo huohuo, kila alipoinama kupuliza moto. Tangu wamzike, hakuwa ameuona tena kwa mtu yeyote. Yeye mwenyewe alichaguliwa sura akiwa mchanga, naye akamchagulia Zamda vilevile.

"Hii aliyo nayo haimo humo?" akauliza.

"Ipi?"

"Hii hii."

Zamda akacheka. "Hiyo si sura, Mama. Ndivyo wanavyozaliwa tu. Kwani kafanana na mtu?"

Bi Mwanakombo akakaza fundo la mkaja.

"Weka hiyo fupi," akasema.

Zamda akagusa ukuta, na pua nyingine zote zikazimika. Mtoto akakunja paji, akalia kwa sauti kali. Kabla hajajizuia, Bi Mwanakombo alikwisha kuitika:

"Abee, mama."