Kasuku Anamwandikia Kicheche Wasifu

Zamani, lakini si zamani sana maana karatasi zilikuwepo, Kicheche aliutaka umeneja wa msitu. Akamwendea Kasuku, fundi wa kuandika wasifu wa kuombea kazi.

"Kalamu hii imempa Kobe utarishi," Kasuku akatamba. "Wewe ulisimamia nini?"

"Banda la kuku. Niliwala wote."

"Mshamba wewe, hatusemi hivyo. Tunaandika: chini ya uongozi wake, malalamiko ya kuku yaliisha kabisa."

Tembo, mwenye kuajiri, akausoma na kufurahi mno.

"Kazi umepata, Kicheche. Anza na idara ya kasuku. Hao ndio wanaonichosha kwa malalamiko."

Kicheche akalamba midomo. Kasuku akamrukia Tembo begani, manyoya yamemsimama.

"Mheshimiwa, naomba ule wasifu mara moja. Kuna sentensi nataka kuirekebisha."