Saa ya Bi Salhina

Jua lilimkuta Bi Salhina bado kitandani, likamgusa nyayo, naye akafumbua macho kwa hiari yake mwenyewe. Jana alikuwa amestaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini, na usiku akaiviringisha saa yake ya kengele ndani ya kanga kuukuu, akaisukuma uvunguni.

Alikuwa angali anajinyoosha aliposikia vishindo uani. Akafungua mlango. Mama Devota wa chumba cha pili alikuwa anatoka mbio, kilemba kinamwanguka. Kibwana, fundi wa mikate, alikuwa na mswaki mdomoni na kiatu kimoja mguuni.

"Bi Salhina, unaumwa?" aliuliza Kibwana. "Mbona saa haikulia?"

"Saa yangu?"

"Si ndiyo inayotuamsha wapangaji wote? Nyumba yenyewe haina dari."

Miaka yote hiyo Bi Salhina alikuwa akiizima harakaharaka, akiona haya kuwasumbua majirani. Kicheko kilimtoka mpaka akashika ukuta. Akarudi ndani, akaifungua ile kanga, akamkabidhi Kibwana saa.

"Chukua, mwanangu. Mimi zamu yangu imekwisha."

Kibwana aliondoka mbio huku akiitia ufunguo kuijaribu, nayo ikaanza kulia mikononi mwake. Hakujua pa kuizimia. Bi Salhina alisimama kizingitini akiusikiliza mlio ukipita kwa muuza maziwa, ukikata kona ya msikiti, na kila ulikopita madirisha yakifunguka.

Akavuta pazia, akarudi kitandani.