Safari ya Mlima Sulaimani

Hajira aliharakisha kufunika kioo cha kompyuta kwa kiganja, lakini baba yake alikuwa ameshaona.

"Toa mkono, mwanangu. Huo ni mlima wa Yahya."

Akautoa. Kioo kilionyesha mwamba mkubwa uliosimama katikati ya mji wa Osh, na kwa mbali milima yenye theluji. Mzee Mwinyijuma alichomoa simu mfukoni mwa kanzu, akatafuta picha aliyotumiwa na mwanawe, akaishika kando ya kioo. Mwamba ni ule ule. Picha haikuwa na mtu, lakini kwa mzee ilitosha. Hapakuwa na muumini wa msikiti wa kijijini kwake, Marui, ambaye hajaonyeshwa. Huu ni mlima wa Nabii Sulaimani, aliwaambia, na chini yake kijana wangu anasomea udaktari.

"Basi ndiyo hii," alisema. "Tumeshachagua."

"Bado, baba. Hawa wanavuka milima kwa farasi."

"Nimepanda minazi maisha yangu yote, farasi ndiyo anishinde?"

Tangu asubuhi walikuwa barazani kwa Hajira, Mlandizi, wakichambua safari za watalii za kwenda Kirigizistani. Ni nchi ya milima mitupu, na njia zake nyingi hufunguka kiangazi tu, theluji ikishayeyuka. Mzee hakuwa na hamu ya utalii. Lakini mtu anayekwenda na kundi, mwenye kiongozi wa kumpokea na kumrudisha, hupata viza kwa urahisi, na yeye hakuwa na muda wa kuhangaika. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umetanuka. Hakusema mengi zaidi, ila alimshika mkono kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo mzee aliomba jambo moja tu, kumwona Yahya. Yahya alijibu kwa ujumbe wa sauti, kama kawaida yake, maana simu za video alisema mtandao wa milimani hauziwezi. Mitihani, baba. Mwakani, inshallah.

"Mwakani ni ya wenye mwakani," mzee alisema, na asubuhi iliyofuata akafunga mzigo, akaja kwa Hajira.

Hajira alirudi kwenye safari ya pili. "Tazama hii ya ziwani. Ni basi tupu, hakuna kupanda. Yahya atakufuata huko huko."

"Mwenye kiu ndiye anayekwenda kisimani, Hajira."

"Umekatazwa kupanda hata kilima cha Pugu! Huko juu hewa yenyewe haitoshi. Utafia njiani, baba, kwa watu ambao huwajui hata salamu."

"Salamu yao ndiyo yetu. Waislamu wale, Yahya kaniambia." Mzee akainua kidole. "Unamkumbuka yule wakala wa vyuo, aliyefunga ofisi akatoroka na ada za watoto wa watu? Wazazi wenzangu walilia kama wafiwa. Mimi wangu alikuwa ameshapita. Basi Mungu aliyempitisha yeye atanipitisha na mimi."

Hajira aligeukia uani. Alitazama nguo kwenye kamba kama mtu anayezihesabu.

Shamba la mikorosho lilikwenda kwenye masomo ya Yahya. Sasa mzee alisema mnunuzi wa kiwanja cha nyumba anamngoja Marui kesho, na akirudi kutoka Osh atalala popote. "Mtu akishamwona mwanawe, anahitaji paa la nini?"

Ndipo Hajira alipopiga magoti sakafuni, mtu mzima, karani wa serikali, akashika miguu ya baba yake.

"Baba, nakuomba. Usiende. Niombe chochote kingine."

Mzee alishtuka. Akamwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa na homa utotoni.

"Unaogopa nini, mama?"

Hajira alifungua kinywa. Alimtazama yule mzee, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu chini ya kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya safari.

"Naogopa moyo wako," alisema.

"Moyo wangu unauma kwa kutomwona. Andika jina langu. Andika vizuri, wasije wakanirudisha."

Aliandika. Kidole kilikosea herufi, akafuta, akaanza upya. Alipofika mwisho hakuweza kubonyeza, basi mzee akajisogeza, akauliza ni wapi, akabonyeza mwenyewe. Kisha akaswali adhuhuri, na baada ya swala usingizi ukamchukua pale pale kwenye mkeka. Usingizini alitabasamu, jambo ambalo Hajira hakuwa ameliona tangu waliporudi kutoka hospitali.

Alimfunika kwa khanga. Alisimama juu yake akisikiliza pumzi, akaogopa kila ilipokawia. Kisha akajitupia mtandio, akamwambia jirani amwangalizie mzee, yeye anafika sokoni mara moja.

Hakwenda sokoni. Alipanda bodaboda hadi Kwala, vumbi la malori ya makontena likimjaa machoni, na machozi yakilifanya tope. Alishuka nyuma ya viwanda, kwenye safu ya vyumba vya kupanga, akagonga mlango wa mwisho kwa ngumi zote mbili.

Alifungua kijana mwembamba mwenye ovaroli, saruji imemganda mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimu.

"Amechagua ipi?"

"Ile inayopita chuoni kwako," Hajira alisema. "Vaa viatu, Yahya. Baba yuko kwangu."