Fundi Cherehani Ageuka

Fundi cherehani aliketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, mikono kifuani. Ilikuwa wiki ya sita tangu ateleze ngazini na kuumia mgongo.

"Usigeuze shingo peke yake, mama," alisema binti wa mazoezi ya viungo, kiganja kimoja kiunoni mwake, kingine ubavuni. "Misuli ya ubavuni ivute, hii ya mgongoni ishikilie. Uti wa mgongo utafuata wenyewe."

"Utakatika, mwanangu."

"Haukatiki. Umeshapona, ila misuli imezoea uvivu."

Akajaribu. Yakageuka macho tu.

Mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake la kulia, alikohoa kidogo. "Mke wangu, nisamehe. Lile sufuria lako kubwa nimeliunguza."

"Lipi? Lile la marehemu mama?"

Akageuka mzima mzima, kiuno, mbavu na mabega, mpaka wakatazamana uso kwa uso.

Chini ya viganja vyake binti alihisi misuli ikikaza, kwanza ya ubavuni, halafu ile myembamba iliyoshikana na uti wa mgongo. Hakuiondoa mikono. Fundi naye aliyatazama mabega yake, akashangaa yalikofika.

Macho ya mzee yalilengwa na machozi, akajifanya anafuta miwani.

"Na kushoto je, mama?" binti aliuliza polepole.

Mzee akazunguka kitanda, akasimama nyuma ya bega la pili.

"Na mfuniko wake pia," akasema.