Ubani Kwenye Mtungi

Mstari kwenye kioo cha mashine uliruka, na fundi Mwatumu akainama kuutazama. Kipande cha silikoni alichokichora na kukitengeneza mwenyewe, kidogo kuliko ukucha, kilikuwa kimeonja maji ya kisima cha Bi Kidawa. Ndani yake mwanga hupita kwenye vijia vyembamba kuliko unywele, na maji yakiwa na sumu, mwanga hubadilika.

"Sema tu, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Kile kituo cha mafuta hapo jirani kimenivujia kisimani?"

"Kuna kitu, bibi. Ikithibitika, kisima kitafukiwa."

Mtaa mzima ulikunywa pale. Bi Kidawa akaketi sakafuni.

Mwatumu akainusa chupa aliyoletewa maji. Akainusa tena. "Bibi, maji haya umeyachota wapi?"

"Mtungini. Nikuletee mtu wa heshima maji matupu? Mtungi nimeufukiza ubani tangu jana."

"Ubani!"

"Na udi kidogo. Mimi si mshenzi."

Mwatumu alicheka mpaka akashika meza. "Bibi wewe! Kumbe mashine yangu inanusa moshi wako!"

Wakaibeba mashine mpaka kisimani. Mwatumu akakisuuza kile kipande, akakidondoshea maji yaliyotoka kwenye ndoo moja kwa moja. Mstari ukalala, haukutikisika hata kidogo.

"Mazima?"

"Mazima, bibi. Hayana kitu."

Bi Kidawa akaitumbukiza ndoo tena, kamba ikawa inateleza, inateleza viganjani mwake, mpaka huko chini wakasikia maji yakiipokea.