Kadi za Kijani

Mjukuu wangu aligeuza kompyuta nione mstari aliouchora wa miaka wanayoishi wagonjwa: kilima kidogo, kisha mkia mrefu unaoteremka polepole.

"Umbo lake tunalijua, Bibi. Kilichobaki ni kukadiria wastani kutoka kwenye kadi za kliniki. Mwenye ugonjwa wa mama anaishi miaka tisa!"

Mama yake, mwanangu wa pekee, alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi.

Nikavaa miwani, nikapekua kadi. Nyingi zilikuwa na alama ya kijani.

"Na hizi?"

"Waliacha kuja. Nimewahesabu wamepona."

Benchi la kliniki ile mimi na mwanangu tumelikalia pamoja na wagonjwa hawa. Nikainua kadi iliyokunjika kona, nikanong'ona. "Huyu fundi cherehani tulimzika mwezi wa tano." Nikainua nyingine. "Mwalimu naye, mwaka jana."

Alirekebisha kadi moja moja, na kila nilipotaja mtu, mkia ulifupika. Mwishowe wastani ulisomeka miaka miwili. Mwanangu alikuwa mwishoni mwa mwaka wa pili wa ugonjwa.

"Jamani, mbona kimya?" akaita kutoka kitandani, akicheka. "Nileteeni miaka yangu tisa niipangie kazi!"

Tukatazamana, nani ainuke kwanza.